Simu zote zikutane kabla ya kubadili programu

Katika kooperative nyingi za Masisi na Walikale, daftari ya kooperative sasa iko ndani ya simu: nani ana shamba wapi, ametoa kilo ngapi za maharagi, ugonjwa gani umeonekana kwa viazi au kwa muhogo. Na kila tunapotembelea depo, swali moja linaturudilia: "Mbona simu ya sekretari wetu haitambui tena simu ya wenzetu? Zamani zilikuwa zinapeana habari vizuri." Mara nyingi simu haijaharibika. Mmoja ameshuka Goma, amepata rezo, ameweka programu mpya. Mwingine amebaki Nyabiondo na ile ya zamani. Simu zote mbili ni nzima, ila hazisikilizani.

Tueleze kwanza namna zinavyofanya kazi. Wengi wenu munaijua Kobo, ile tunayokuja nayo kwa kuuliza maswali ya mavuno. Fomu ya Kobo inangoja ndani ya simu mpaka rezo ipatikane, halafu inakwenda kwenye mashine kubwa iliyo mbali. Rezo ya Mubi ikianguka wiki mbili, fomu nayo inalala wiki mbili. Programu za simu kwa simu hazitegemei ile mashine ya kati. Simu mbili zinaingia kwenye Wi-Fi moja, hata ile inayotolewa na simu ya mtu aliye pembeni, bila unite na bila intaneti, na kila moja inampa mwenzake kile anachokosa.

Moja ya programu hizo ni Mapeo. Ilitengenezwa na shirika la Digital Democracy, ambalo leo linaitwa Awana Digital, pamoja na jamii za msitu wa Amazon. Wawaorani wa Ecuador waliitumia kuchora ramani ya ardhi yao, na Aprili 2019 mahakama iliwapa haki katika kesi ya kuzuia uchimbaji wa mafuta kwao. Karibu nasi, Waogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon huko Kenya, nao walichora ardhi yao kwa Mapeo. Ni programu huria: hailipishwi, na yeyote anayejua kuandika programu anaweza kufungua na kuona inavyofanya kazi ndani.

Ndani ya Mapeo kila simu ina daftari yake. Inaongeza mstari mpya chini ya ule wa zamani, na hairudi nyuma kufuta. Simu zikikutana, kila moja inanakili mistari ya mwenzake ambayo haijaipata. Ili hayo yafanyike, zinahitaji makubaliano: zisalimiane vipi, ziulizane vipi, mstari uanzie wapi na uishie wapi. Makubaliano hayo ndiyo watu wa kompyuta wanaita itifaki.

Sasa fikirini depo mbili zinazopeana maharagi. Zote zimezoea kwamba mufuko ni kilo 100. Moja, bila kusema, inaanza kuita mufuko kilo 80. Hakuna aliyeiba, lakini mwisho wa msimu hesabu zimekufa na watu hawaaminiani. Ndiyo sababu mafundi wazuri hawabadilishi maana ya neno la zamani. Wanaongeza neno jipya pembeni, na simu isiyolijua inaliruka tu. Ikilazimu kubadili hata salamu yenyewe, simu inataja namba ya toleo lake mwanzoni, na isipoelewana na nyingine inakataa. Kwetu sisi, simu inayokataa ni afadhali kuliko ile inayokubali na kuandika uongo.

Lakini juu ya nini wabadilishe kabisa? Si kwa kupenda vipya. Itifaki ya BitTorrent, aliyoitunga Bram Cohen mwaka 2001, inapeana mafaili makubwa vipande vipande kati ya watu wengi, na kila kipande kina alama yake, kama chapa ya mufuko, ya kuhakikisha hakikuguswa njiani. Februari 2017 wachunguzi wa Google na wa kituo cha CWI cha Amsterdam walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja. Chapa ile haikutosha tena. Wenye BitTorrent wakatunga toleo la pili lenye chapa ngumu zaidi, ila hawakuwatupa wenye programu za zamani: waliruhusu faili moja kubeba chapa mbili, ya zamani na ya mpya, kila mtu asome ile anayoijua. Hawakuwa na njia nyingine. Pasipo mashine ya kati, hakuna mkubwa wa kuamuru watu wote wahame siku moja.

Mapeo ilichukua njia nyingine. Mwaka 2024 ilitoka CoMapeo, na hiyo haipeani habari na Mapeo ya zamani hata kidogo. Inaudhi, tunajua. Lakini sababu yao ina uzito, hasa kwetu. Katika Mapeo, kama kikundi hakikuweka ufunguo wake, mwenye Mapeo yeyote aliyeingia kwenye Wi-Fi yenu angeweza kuchukua habari zenu. Katika CoMapeo simu inaingia kwenye mradi kwa kualikwa na mratibu tu.

Vita vilipofika Masisi na Goma mwezi wa kwanza 2025, na Walikale mwezi wa tatu, nyote munajua namna watu walivyokimbia. Kooperative yenye nakala kwa simu tano inaweza kupoteza nne na bado ikawa na daftari yake. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni huo huo: simu moja ikinyang'anywa njiani, ina habari za wote. Na kwa sababu mistari haifutwi, kilichokwisha kuingia kwa simu za wengine hakirudi. Basi mashamba yaandikwe kwa namba, na majina ya wamama na wababa wenye mashamba yabaki kwenye karatasi inayolindwa pengine. Pesa na mahali pa stoki visiingie kabisa.

Kwa wenzetu wa msitu wa Walikale jambo hili lina uzito mwingine. Kwa dekrē ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii inaweza kupewa msitu wake hadi hektari 50,000, na haki hiyo haina mwisho. Programu ya simu inadumu miaka michache tu. Pointi za mipaka zikibaki ndani ya simu peke yake, watoto watarithi msitu bila ramani. Mapeo ya kompyuta inaweza kuzitoa katika jedwali la kawaida, CSV, linalofunguka kwa Excel. Fanyeni hivyo sasa, kabla hamjagusa kitu, na muchapishe karatasi pia.

Kuhusu kuhama kwenyewe, wakati mzuri ni mwezi wa saba au wa nane, mavuno ya msimu B yakiisha na kabla ya kupanda msimu A. Komite itangaze siku moja. Asubuhi simu zote zije depo na batiri imejaa, zipeane habari kwa programu ya zamani mpaka zote zilingane. Jedwali litolewe. Ndipo mupime ile mpya kwa simu mbili tu, kwa sababu simu za zamani mara nyingine zinaikataa. Programu inaweza kupita simu kwa simu bila unite, lakini faili la kwanza lichukuliwe pahali panapoaminika, si kwa mtu wa soko. Na hapo katikati, mtu asibadilishe peke yake juu ya kupata rezo Goma.

Kuna simu isiyoweza kufika siku hiyo, tuseme iko Itebero na barabara imekatika. Mwenye nayo asifute kitu. Hapa depo wekeni simu moja na Mapeo yake ya zamani, ichajiwe kila wiki, mpaka ile ya Itebero ifike.