Je, Wajua? Kwenye Contra, Anayewahi Juu Humuua Aliye Chini

Steji ya tatu ya gemu ya Contra ni maporomoko ya maji. Askari wawili, kila mchezaji na wake, hawakimbii tena kwenda kulia kama walivyofanya msituni. Wanaruka kwenda juu, ngazi hadi ngazi ya mwamba, huku mawe yakiporomoka na bunduki za ukutani zikiwatemea risasi. Skrini nayo inapanda, na inamfuata aliye juu. Mmoja akiruka mara mbili bila kumtazama mwenzake, ukingo wa chini wa TV unamfikia yule aliyebaki, na roho moja imekwenda. Hakupigwa risasi wala hakukosea kuruka. Ameuawa na haraka ya mwenzake.

Wazazi huuliza kama gemu ngumu ya bunduki, ya kucheza wawili upande mmoja, inafaa kuchezwa na baba na binti, au shangazi na wapwa zake. Mimi huwajibu kwa maporomoko hayo. Ugumu wa Contra haumo kwa adui peke yake. Umo pia baina ya wachezaji wawili, na ndiyo sababu naamini inafaa sebuleni kuliko gemu nyingi laini zinazouzwa kwa jina la watoto.

Contra ilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani. Ilitoka mwaka 1987 kwenye yale makabati ya kutumbukiza sarafu, na 1988 ikaingia kwenye kaseti za mashine ya Nintendo. Huku kwetu Mwanza wengi hawakuijua kwa mashine hiyo asilia. Waliijua kwa nakala zilizotengenezwa Asia, za plastiki nyepesi, zikiwa na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ndani yake kuna gemu 9999. Gemu zenyewe mara nyingi zilikuwa chache tu, zimerudiwarudiwa kwa majina mengine: hii inaanzia steji ya kwanza, ile inaanzia ya tano, nyingine inakupa roho nyingi tangu mwanzo. Ukifungua nakala hizo utakuta kidonge cheusi cha gundi kwenye bodi. Chini yake kuna chipu moja inayofanya kazi ambayo mashine ya Kijapani ya Nintendo ya mwaka 1983 iliigawa kwa chipu kadhaa.

Vibanda vya gemu vya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, leo vimetawaliwa na gemu za mpira wa miguu: wawili wanashindana, aliyefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa. Sina ugomvi na mpira. Ila kwenye mpira mtoto wa miaka minane akicheza na kaka yake mkubwa anafungwa sita bila, na kesho hataki tena. Contra inawakalisha wote upande mmoja. Kaka akiwa hodari, uhodari wake ni kinga ya mdogo wake.

Ugumu wake ni wa kweli. Una roho tatu, na risasi moja inatosha kukuua. Ukifa unapoteza silaha uliyookota na kurudia bunduki ya kuanzia. Kuna steji nane, kutoka msituni hadi tumboni mwa kiumbe kutoka anga za juu, na hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika. TANESCO wakikata umeme uko steji ya saba, ukirudi unaanza msituni.

Sasa fikiria kasi. Mtu mzima akiona taa ikiwaka huchukua takribani robo sekunde kubonyeza kitufe. Mashine ya Kijapani huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo katika robo sekunde hiyo picha 15 zimepita na risasi imeshatembea sehemu nzuri ya skrini. Kijana wa miaka 20 ana wepesi ambao bibi yake hana, na mtoto mdogo hajaufikia bado. Kwa hesabu hiyo, familia yenye rika tatu ingeshindwa kabla haijaanza.

Lakini mizinga na walenga shabaha wa Contra wamewekwa mahali pasipobadilika. Yule aliyejificha nyuma ya kichaka atakuwa hapo hapo leo, kesho na mwaka ujao. Lile daraja la steji ya kwanza hulipuka miguuni pako kila unapolivuka. Wapo askari wanaoingia mbio bila mpangilio kamili, ila sehemu zinazoua watu wengi ni zile zile. Kumbukumbu basi hufanya kazi ya kasi, na kukumbuka si mali ya vijana peke yao. Mama anayejua bei za sangara na sato za wiki nzima pale soko la Mwaloni anaweza kukariri maporomoko hayo kwa jioni chache, kisha akamwambia mwanawe mapema: “Subiri, jiwe linashuka kulia.” Hapo mtoto mwenye vidole vyepesi na mama mwenye kumbukumbu wanakuwa mchezaji mmoja mzuri.

Tena gemu hii haihitaji kusoma. Hakuna maelezo ya Kiingereza ya kumkwamisha babu. Herufi moja ndani ya alama inayoanguka inatosha: S ni bunduki inayotawanya risasi tano kama feni, na kila aliyewahi kucheza Contra anaitaka hiyo. Hapo ndipo familia hujulikana. S imeanguka moja, wachezaji ni wawili. Mchezaji mwema humwachia aliyekufa karibuni, ambaye amebaki na bunduki ya kuanzia, kwa sababu mnyonge akipewa S wote wawili mnapita. Risasi zenu hazidhuriani, kwa hiyo hakuna kumlaumu mtu kwamba amekupiga mgongoni. Na mmoja akiishiwa roho zote, gemu inamruhusu kuchukua iliyobaki kwa mwenzake. “Anko, nipe moja!” ni ombi lenye gharama, maana anko anabaki na moja pungufu. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumfundisha mtoto kuomba, na kumfundisha mkubwa kutoa bila kusimanga.

Wakati mwingine risasi na askari wanapepesa, wanapotea na kurudi, na watu huigonga TV ya chogo ubavuni wakidhani imeharibika. TV haina kosa. Chipu ya picha ina uwezo wa kuonyesha vitu vidogo vinane tu katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, programu huvipa zamu: hivi picha hii, vile picha inayofuata. Kwenye steji za wachezaji wawili wenye S vitu huzidi mara nyingi, ndiyo maana kupepesa huko huonekana zaidi mnapocheza wawili.

Ipo pia siri ya kuanza na roho 30 badala ya tatu, kwa kubonyeza: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Mwanzilishi wake ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1986 alikuwa akihamishia gemu nyingine, Gradius, kwenye mashine ya nyumbani, akaiona ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho, akajiwekea njia ya kujisaidia. Contra ikairithi. Wapo wanaosema kuitumia ni udanganyifu. Mimi naona nyumbani itumike bila aibu mwanzoni, kisha mtoto mwenyewe ataanza kusema, “Leo tucheze bila siri.” Akisema hivyo, mpeni heshima ya kujaribu.

Vipi kuhusu bunduki? Ni haki kuuliza. Contra ni vita. Haina damu wala maiti, adui akipigwa anapotea kwa mlipuko mdogo, lakini bado ni kufyatua risasi toka mwanzo hadi mwisho. Ulaya waliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1990 kaseti hiyo iliuzwa huko kwa jina la Probotector, na wale askari wawili pamoja na baadhi ya maadui wakageuzwa roboti, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa na sheria kali kuhusu burudani za kivita kwa vijana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Andrew Przybylski na Netta Weinstein, uliowahusu vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15 pamoja na wazazi wao, haukukuta uhusiano kati ya kucheza gemu zenye ukatili na ukali wa vijana hao. Mwingine wa mwaka 2011, wa Sarah Coyne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, uliwachunguza vijana 287. Wasichana waliocheza gemu na wazazi wao walijihisi karibu zaidi na familia, mradi gemu ililingana na umri wao. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Uhusiano si lazima uwe chanzo, huenda familia zenye upendo ndizo zinazokaa kucheza pamoja. Mimi hata hivyo nauchukulia kwa uzito, hasa kwa mabinti, ambao kwenye vibanda vyetu ni nadra kuwaona wameshika pedi.

Gemu mpya za kikosi ni jambo jingine. Helldivers 2 ya mwaka 2024 inawaunganisha watu wanne dhidi ya wadudu wakubwa na roboti, na humo risasi yako inamuua mwenzako. Ni nzuri kwa watu wazima, na Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, lakini kila mchezaji anahitaji mashine yake na intaneti. Free Fire na PUBG za kwenye simu zinamtenga mtoto zaidi: masikioni ana sauti za watu asiowajua, na kila mara anahimizwa kununua nguo na rangi za bunduki kwa fedha halisi. Baba akiwa chumba hicho hicho, hayumo kwenye mchezo.

Kwa walio Igombe na Kayenze, na kote mwambao wa ziwa ambako watu huishi kwa dagaa, kuna majira yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzika na baba yuko nyumbani jioni kwa siku kadhaa. Huo ndio muda wa kuitoa kaseti. Mjuzi huimaliza Contra chini ya nusu saa, na asiyejua hufa mapema zaidi, kwa hiyo mchezo una mwisho wake na watoto wanalala kwa wakati. Wenye miaka miwili hadi minne waacheni watazame kidogo tu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wenye umri huo wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Kuanzia miaka saba au minane, akiwa na mkubwa pembeni, mtoto anaweza.

Kwenye mashine asilia ya Kijapani pedi ya pili haikuwa na kitufe cha kusimamisha mchezo. Mamlaka hayo alikuwa nayo mchezaji wa kwanza peke yake. Kwa hiyo mpeni mtoto pedi ya kwanza. Mkifika maporomokoni, mkubwa apande wa pili, na asiruke mpaka mtoto ameshika mwamba. Na ukienda kununua nakala hizi mjini, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, ujaribu vitufe vyote vya pedi zote mbili kabla hujatoa pesa. Yenye pedi moja nzima usiinunue.