Kuku Hawasubiri Mwisho wa Mwezi

Mshahara wangu ni shilingi 15,000. Nauza saruji, misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kerugoya. Kabla sijazishika hizo pesa, NSSF imechukua 900, bima ya afya 412.50, ushuru wa nyumba 225. Zinabaki 13,462.50. Wapo walio chini yangu. Hata baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei Mosi 2024, kima cha chini cha kibarua wa shambani asiye na ujuzi hakikufika 8,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kila mtu hapa ana kitu cha pembeni. Soja wa usiku huamkia kwenye bodaboda, mwalimu wa nasari anashona sare, na huko juu Kangaita watu huchuma chai ya wenyewe kwa kilo. Mimi nafuga kuku na kuuza mchele. Ushauri sikosi, hasa kutoka kwa wanaume wasiofuga hata njiwa: "Mama, acha kazi ya mtu, jiajiri."

Haya, tupige hesabu ya kuku wao. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kufikia hapo amekula karibu kilo 7 za chakula. Ukiwa na kuku 100, hayo ni magunia 10 ya kilo 70. Miezi minne na zaidi unanunua chakula, unachanja kideri na gumboro, na huna hata yai moja la kuuza. Wakishaanza, wanamaliza kilo 12 hivi kwa siku, kwa hiyo gunia halitimizi siku sita. Wakitaga mayai 80 kwa siku, ambayo si haba, gunia hilo limekupa trei 15. Halafu mayai ya Uganda yanajaa sokoni na bei inashuka. Anayejisifu kwamba anauza trei 15 kwa gunia amekutajia mauzo. Faida bado hajaigusa.

Wangu ni wachache, na magunia yao ya mwanzo yalinunuliwa na lile duka la saruji. Ningeyapata wapi kwingine? Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, inatoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kweli, lakini mkopo wake unaanzia 500.

Mchele hautaki subira ndefu kama kuku. Nateremka Ngurubani kupitia Kutus siku yangu ya mapumziko, nanunua pishori kinuni. Hapo usinuse juu juu tu. Tia mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, uchote wa chini, uusugue viganjani ndipo unuse, maana uliochanganywa na wa nje hupangwa chini. Makapi ya mpunga nayo napakia, ya kutandika bandani. Taabu huanza nikirudi.

"Mama, niandikie kilo mbili hadi tarehe tano."

Nifanyeje? Wateja wangu ni muuguzi, karani, msichana wa duka la dawa. Nao wanasubiri mshahara. Ukichelewa wao, daftari langu linajaa na safari ya Ngurubani inaahirishwa. Wanaosema biashara ya pembeni inakutoa kwenye utumwa wa mwisho wa mwezi hawajawahi kumwuzia mwajiriwa mchele.

Sasa mzee wa duka anataka niwe nafungua saa moja asubuhi badala ya saa mbili, aniongeze 1,500. Kwa siku 26 za kazi, saa hiyo hainifikishii hata shilingi 58, na ndiyo ninayosafishia banda na kuokotea mayai. Nimemwambia aifanye 2,500, ili 1,000 nimpe kijana wa jirani alishe kuku. Amesema atafikiria. Wiki hii bado nafungua saa mbili.