Siri ya unga kidogo unaozaa plastiki nyingi

HUENDA hujawahi kujiuliza ni kwa nini gunia la mahindi, ambalo zamani lilifumwa kwa katani, siku hizi ni la plastiki, au ni kwa nini kiti cha plastiki huuzwa kwa bei ambayo seremala hawezi kuishindania.

Wengi hudhani jibu li katika mafuta ya petroli, kwa kuwa plastiki hutokana nayo. Hilo ni nusu tu ya ukweli. Gesi ya propilini, ambayo hupatikana mafuta yanaposafishwa, ilijulikana miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuunda kiti kutokana nayo. Kilichokosekana ni kichocheo.

Kichocheo, katika kemia, ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Mfano wake ni mshenga: huwaunganisha wawili, kisha akaenda zake kuwatafutia wengine. Hivyo ndivyo molekuli ndogo za gesi zinavyoungwa moja baada ya nyingine hadi zikawa mnyororo wenye maelfu ya viungo. Mnyororo huo ndio polima.

Polithini ya kwanza kutambuliwa na wenye viwanda ilipatikana nchini Uingereza mwaka wa 1933, wakati Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI walipoikandamiza gesi ya ethilini kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara 1,000 na zaidi. Njia hiyo ingali inatumika, lakini mitambo yake ni mizito na ya gharama. Isitoshe, propilini haikukubali kuundwa kwa mtindo huo.

Mageuzi yalikuja kutoka Mülheim, Ujerumani. Mwaka wa 1953, Karl Ziegler na wenzake walikuwa wakijaribu kurefusha minyororo ya ethilini kwa kutumia misombo ya alumini. Siku moja walipata molekuli mbili mbili tu zilizoungana, basi. Baada ya upelelezi wa subira, waligundua kwamba mabaki kidogo ya nikeli ndani ya chombo chao ndiyo yaliyoukata mnyororo.

Mtu mwingine angekisugua chombo na kuendelea na kazi yake. Ziegler alijiuliza: ikiwa metali moja huukata mnyororo, je, hakuna nyingine inayoweza kuurefusha? Walizijaribu metali moja baada ya nyingine hadi wakaifikia titani. Polithini ikaundika bila shinikizo kubwa.

Mwaka uliofuata, Giulio Natta wa Milan, Italia, aliitumia njia hiyo kwa propilini. Kila molekuli ya propilini ina kijitawi kando. Vijitawi vikielekea huku na kule ovyo, kinachopatikana ni ulimbo unaonata usio na faida kubwa. Vyote vikielekea upande mmoja, minyororo hulala pamoja kama kuni zilizopangwa vizuri, na plastiki huwa ngumu, haiyeyuki hadi joto lifikie takriban nyuzi 160 za Selsiasi. Wawili hao walituzwa Nobeli ya kemia mwaka wa 1963.

Hata hivyo, tuzo ni jambo moja na kiwanda ni jingine. Kichocheo cha mwanzo kilikuwa kivivu. Atomi nyingi za titani zilikuwa zimezikwa ndani ya punje, na zile za juu pekee ndizo zilizofanya kazi. Gramu moja ya kichocheo ilitoa kilo chache tu za plastiki.

Matokeo yake ni kwamba mabaki ya titani na klorini yalisalia ndani ya plastiki. Klorini hiyo hugeuka asidi inayokula chuma cha mashine na kalibu. Kwa hivyo viwanda vililazimika kuiosha plastiki kwa alkoholi, kuukamua ule ulimbo kwa kiyeyushi, kisha kuikausha. Mwenye kulipia kazi yote hiyo, bila shaka, ni mnunuzi.

Ufumbuzi ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati watafiti wa Italia na Japani walipoitandaza titani juu ya kloridi ya magnesi iliyosagwa laini sana. Fuwele za chumvi hiyo zafanana na zile za kloridi ya titani, hivyo titani hukaa juu yake kama iliyo kwao, karibu kila atomi ikiwa wazi kufanya kazi.

Lakini bidii hiyo mpya ilileta fujo: ulimbo nao ukaongezeka. Ndipo zikaongezwa esta, yaani misombo inayoziba zile sehemu za kichocheo zinazopanga vijitawi ovyo. Kwa njia hiyo gramu moja ilianza kutoa makumi ya kilo, na mabaki yakapungua hata hatua za kuosha zikaachwa kabisa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo gunia la katani liliposhindwa.

Umbo la punje nalo si jambo dogo. Plastiki hukua ikiiga umbo la kichocheo chake: punje ya mviringo huzaa chembe ya mviringo, na vumbi huzaa vumbi linaloziba mabomba. Fauka ya hayo, kuunda kilo moja ya polithini hutoa joto la kutosha kuchemsha takriban lita 10 za maji. Joto lisipoondolewa upesi, chembe huyeyuka na kugandamana, na mtambo ukasimama.

Aidha, kichocheo hulishwa sumu kwa urahisi. Hewa, unyevu au kaboni monoksidi, hata kwa sehemu chache katika milioni, hukilemaza. Ndiyo maana gesi husafishwa mara kadhaa kabla ya kuingizwa. Wahandisi nao wameigeuza sumu hiyo kuwa breki: mambo yakienda mrama, hupuliza kaboni monoksidi ili kuuzima mmenyuko.

Siku hizi shughuli imehamia kwenye esta zenyewe. Zilizozoeleka ni za jamii ya thaleti, ambazo baadhi yake Umoja wa Ulaya ulizizuia kutumiwa bila kibali maalumu kuanzia 2015 kwa kuhofia afya ya uzazi. Watengenezaji wamekuwa wakiziondoa na kutumia misombo mingine badala yake.

Humu nchini hatuundi polima hizo. Viwanda vyetu hununua chembechembe kupitia bandari ya Mombasa, vikaziyeyusha na kuzifinyanga. Taka, hata hivyo, ni zetu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 haikugusa mitungi, viti wala vifuniko.

Kwa wanaoyeyusha plastiki kuukuu, tatizo ni kwamba polithini na polipropilini hazichanganyiki. Zikiyeyushwa pamoja, kinachotoka huvunjika upesi. Mwaka huo huo wa 2017, watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Minnesota, Marekani, walitangaza kwamba walikuwa wametumia kichocheo cha hafni kuunda mnyororo mmoja wenye vipande vya plastiki zote mbili. Kiasi kama asilimia moja yake kilitosha kuufanya mchanganyiko huo uwe imara. Kwa anayechambua vifuniko na mitungi kwa mikono jalalani, kilichobaki ni bei ya kichocheo hicho kushuka.