Soya na mifupa: tusiandike kwenye pakiti tusichoweza kukitetea



Msimu huu swali la soya limenijia kwa sura nyingine. Si la mbegu wala la bei. Ni hili: "Bwana shamba, tuandike kwenye pakiti kwamba unga wetu wa soya unajenga mifupa?" Wengine wameshaandika tayari. Na wapo wateja, hasa akina mama waliovuka miaka 50, wanaonunua kwa sababu hiyo tu, wakaacha dagaa na maziwa wakiamini soya imemaliza kila kitu. Hapo ndipo pananitia wasiwasi. Tuchambue taratibu.

Kwanza niseme kwamba hoja yenyewe haikutoka hewani, ina msingi.

Mfupa ulio hai si jiwe. Ndani yake wanafanya kazi mafundi wa aina mbili. Seli za kujenga, ambazo wataalamu huziita osteoblasti, hutandika kwanza nyuzi za protini, halafu madini ya kalsiamu na fosforasi yanajaa humo mpaka mfupa unakuwa mgumu. Seli za kubomoa, osteoklasti, huyeyusha mfupa uliochakaa ili mpya uwekwe. Fikiria nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila mwaka: unakwangua palipoharibika, unakandika. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa hivyo kila mwaka.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui: fundi wa kujenga ndiye huyo huyo anayemwita mbomoaji. Osteoblasti hutoa ishara ya kumwita, na hutoa pia kizuizi cha kuizima ishara hiyo. Estrojeni, yaani homoni ya kike, husaidia kizuizi kiwe kingi, hivyo ubomoaji hauzidi ujenzi. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, breki inalegea, na mfupa unaanza kupungua, haraka zaidi katika ile miaka michache ya mwanzo. Ndiyo maana bibi anateleza bafuni kidogo tu na nyonga inavunjika.

Soya inaingiaje hapo? Punje ya soya ina kemikali za asili zinazoitwa isoflavoni. Mbili kubwa ni jenisteini na daidzeini. Umbo la jenisteini linafanana na la estrojeni kiasi kwamba inaweza kuingia kwenye vipokeo vya estrojeni vilivyomo katika seli, kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kufuli lako lakini hauzunguki vizuri. Nguvu yake ni ndogo sana kuliko estrojeni yenyewe. Vipokeo hivyo ni vya aina mbili, alfa na beta. Jenisteini hupendelea zaidi cha beta, na seli za mifupa wanacho.

Wafugaji walikutana na kemikali za aina hii zamani, na kwa hasara. Miaka ya 1940 huko Australia Magharibi, kondoo waliochungwa kwenye malisho ya klova walishindwa kushika mimba kwa wingi, na chanzo kikaja kuonekana ni hizi kemikali za mimea zinazoiga homoni. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "ni majani tu, hayana nguvu".

Maabara nayo imeona mengi. Ukiweka jenisteini kwenye kisahani chenye seli za kujenga mfupa, mara nyingi seli hizo huchangamka: zinaongezeka, zinaweka madini zaidi, na zinatoa kizuizi kingi zaidi dhidi ya wabomoaji. Panya waliotolewa ovari, wakapewa isoflavoni, katika majaribio mengi walipoteza mfupa polepole kuliko wenzao. Wauzaji wanaishia hapo. Lakini mteja wako si panya, wala hali kwenye kisahani.

Kwa binadamu matokeo yamegongana. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya Italia: wanawake 389 waliokoma hedhi, mifupa yao imeanza kupungua, nusu wakipewa jenisteini safi miligramu 54 kwa siku kwa miaka miwili. Uzito wa mifupa yao uliongezeka. Ni habari njema, ila angalia: wote, hata wale wasiopewa jenisteini, walipewa pia kalsiamu na vitamini D. Mwaka 2011 yakaja matokeo ya Miami, Marekani. Wanawake 248, miligramu 200 za isoflavoni za soya kila siku, miaka miwili. Mifupa iliendelea kupungua sawasawa na ya wale waliopewa vidonge visivyo na kitu. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia ushahidi uliokuwepo na kukataa dai kwamba isoflavoni za soya hutunza uzito wa mifupa ya wanawake waliokoma hedhi.

Mbona kisahani kinasema hivi na mwili unasema vingine? Sababu zipo kadhaa. Ukila soya, utumbo na ini huzifunga isoflavoni nyingi kabla hazijafika kwenye damu zikiwa huru, kwa hiyo seli ya mfupa inapata kiasi kidogo kuliko kile kinachomiminwa maabara. Halafu kuna suala la bakteria wa tumboni. Baadhi ya watu wana bakteria wanaoigeuza daidzeini kuwa ekuoli, ambayo hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Wengine hawana kabisa. Katika nchi za Magharibi wenye uwezo huo ni kama theluthi moja tu ya watu, wakati Japani wanakaribia nusu au zaidi. Watu wawili wanakula sahani moja, miili inapata vitu tofauti.

Na jamani, fundi hata akichangamka vipi, bila udongo hakandiki. Hapa ndipo mama aliyeacha maziwa anaumia. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina karibu miligramu 300 za kalsiamu. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani yana kidogo sana ukilinganisha, labda yawe yameongezwa madini kiwandani. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ni mwalimu mzuri kuliko tangazo lolote. Ongeza jua kidogo la asubuhi na kazi ya kutembea na kubeba, maana seli za kujenga mfupa hujibu uzito unaoelemea mfupa. (Mama anayelima kwa jembe tayari anafanya hili bila kulipia.)

Je, tuache soya? Hapana! Protini yake ni kama asilimia 36 hadi 40, hakuna maharage yetu yanayoifikia. Mifupa yenyewe inahitaji protini kwa zile nyuzi. Lakini isisagwe mbichi: ina vizuizi vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka kama nusu saa, toa maganda, anika ikauke vizuri, kaanga kidogo, ndipo usage. Kwa uji, mahindi vikombe 3 kwa soya kikombe 1 panatosha. Anayetafuta isoflavoni asizitafute kwenye mafuta ya soya, humo hazimo.

Mwenye ndugu anayemeza vidonge vya tezi ya shingo amwambie asivimeze pamoja na uji wa soya, kwani soya inaweza kupunguza dawa inayoingia mwilini. Apange saa na daktari. Na aliyepewa dawa za mifupa hospitali asiziache kwa sababu ya unga wetu.

Kwenye pakiti basi, andikeni: "Unga wa soya iliyochemshwa na kukaangwa, chanzo kizuri cha protini." Wekeni tarehe ya kusaga na jinsi ya kupika. Vikundi ambavyo lebo zimeshachapwa na neno "hujenga mifupa", bandikeni karatasi juu ya neno hilo kabla mzigo haujatoka.