Nyumba ya kupangisha au kukopesha kwa rehani? Yajue haya kabla ya kutoa akiba yako

Mkazi wa Mombasa anayestaafu, anayepokea pesa za chama au anayeuza shamba la urithi huwa na wazo moja kabla ya mengine yote: kujenga vyumba vya kupangisha. Wengine wameanza kufuata njia ya pili, ya kumkopesha mtu pesa na kushika hatimiliki yake kama dhamana. Njia zote mbili huleta mapato, na zote mbili zimewapotezea watu akiba ya miaka mingi. Makala haya yanaeleza yanayowakumba wenye nyumba na wakopeshaji baada ya pesa kutoka mfukoni, na yale ambayo sheria inawataka wafanye.

Hesabu ya kodi si hesabu ya faida

Tuchukue mfano wa vyumba 10, kila kimoja kikipangishwa kwa Sh4,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni Sh40,000. Lakini ni nadra kwa vyumba vyote kujaa na kila mpangaji kulipa kwa wakati. Tuseme vinane vimelipwa. Mwenye nyumba anapata Sh32,000. Akimlipa mtunzaji wa ploti Sh6,000, maji Sh4,000, lori la kunyonya maji taka pamoja na taka Sh3,000, na akitumia Sh3,000 kurekebisha mabomba, paa na nyaya za stima, anabaki na Sh16,000. Ushuru ukitoka, Sh2,400, zinabaki Sh13,600.

Kama alijenga kwa mkopo wa kulipa Sh20,000 kila mwezi, atalazimika kutafuta Sh6,400 kwingine. Huo ni mfano tu, na kila ploti ina hesabu yake. Hata hivyo, kanuni ni moja: kabla ya kukopa, piga hesabu ukichukulia kwamba baadhi ya vyumba vitakaa vitupu.

Ushuru wa mapato ya kodi

Mtu anayepokea kodi za nyumba za kuishi zinazofika kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka anatakiwa kulipa ushuru wa mapato ya kodi kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Tangu Januari 1, 2024, kiwango ni asilimia 7.5, kutoka asilimia 10 iliyokuwapo awali. Ushuru huu hutozwa kwa kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama za ukarabati, maji au riba ya mkopo. Ndiyo maana katika mfano wetu asilimia 7.5 imetozwa kwa Sh32,000, wala si kwa kilichobaki baada ya gharama.

Ripoti huwasilishwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao hakuna kodi iliyoingia, bado unawasilisha ripoti ya sufuri. Mwenye nyumba ambaye gharama zake ni kubwa sana anaweza kuiandikia KRA akiomba atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama huondolewa kwanza. Hapo ndipo stakabadhi zinapohitajika. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

Mpangaji asipolipa

Hapa ndipo wenye nyumba wengi hujiingiza matatani. Kung'oa mlango, kukata maji au kufunga kufuli vitu vya mpangaji vikiwa ndani kunaweza kumfanya anayedai kodi awe mshtakiwa.

Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kawaida kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi inalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Mpangaji wake haondolewi bila amri, na mizozo husikizwa na Jopo la Kudhibiti Kodi. Nyumba ya kodi ya juu zaidi hufuata makubaliano ya pande mbili pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kama mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi na hakuna mkataba unaosema vingine, notisi ya kuhama haipungui mwezi mmoja.

Maduka, hoteli na mikahawa yana sheria yake, Sura ya 301. Kama hakuna mkataba wa maandishi, au mkataba hauzidi miaka mitano, mwenye jengo hawezi kumwondoa mfanyabiashara wala kumpandishia kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili. Mfanyabiashara akipinga, suala huenda kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara.

Sheria inaruhusu vitu vya mpangaji kukamatwa kwa ajili ya deni la kodi, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni. Mwenye nyumba au mtunzaji wa ploti haruhusiwi kuifanya mwenyewe. Kwa nyumba zinazolindwa na Sura ya 296, ruhusa ya jopo hutangulia.

Ploti, vibali na nyumba bila ardhi

Kabla ya kuongeza ghorofa, pata kibali cha ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Gharama ya kibali ni ndogo kuliko gharama ya jengo kuanguka. Mnamo Aprili 2016, jengo la kupangisha liliporomoka Huruma, Nairobi, na zaidi ya watu 40 walifariki.

Lipa pia ada za ardhi za kaunti kila mwaka. Ploti yenye malimbikizo haipati cheti cha kuthibitisha kwamba haina deni, na bila cheti hicho ni vigumu kuihamishia mnunuzi.

Hapa Pwani kuna jambo la ziada. Familia nyingi zina nyumba bila ardhi: wao wanamiliki kuta na paa, huku ardhi ikiwa ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Nyumba ya namna hii inaweza kupangishwa vyumba, lakini mwenyewe hana hatimiliki ya kuweka rehani benki. Kabla ya kununua nyumba kama hiyo au kuijengea juu, jua mwenye ardhi ni nani, mmeandikiana nini, na itakuwaje akitaka kuuza.

Kushika hatimiliki si kuwa na rehani

Tuje kwa njia ya pili. Mtu anakuomba Sh500,000, anakupa hatimiliki yake uifungie kabatini, na mnaandikiana kwamba asipolipa shamba ni lako. Wakopeshaji wengi huamini wako salama. Hawako salama.

Chini ya Sheria ya Ardhi, rehani rasmi hupata nguvu inaposajiliwa katika afisi ya ardhi. Kabla ya hapo, mkopeshaji hawezi kutumia haki za rehani hiyo. Aliyeshika hatimiliki tu bila usajili hawezi kuchukua wala kuuza ardhi hadi apate amri ya mahakama.

Kuna mitego mingine. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila sahihi au idhini ya mke au mume. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Vilevile, hatimiliki mkononi haionyeshi kama kuna rehani nyingine au zuio la mahakama. Hayo yanaonekana kwenye rejista, kwa hivyo fanya upekuzi wa ardhi, ambao wengi huuita sachi, kabla ya kutoa hata shilingi.

Mkopaji akishindwa, rehani iliyosajiliwa nayo haiuzwi kesho yake. Sharti awe amekosa kulipa kwa mwezi mmoja, kisha apewe notisi ya angalau miezi mitatu, halafu notisi ya kuuza ya siku 40, na dalali wa mnada naye hutoa siku 45. Jumla inakaribia miezi saba, kama hakuna aliyekwenda kortini. Wakati wa kuuza, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na pesa zinazozidi deni na gharama humrudia mwenye ardhi.

Anayetaka kukopesha kama biashara aulize kwanza Benki Kuu ya Kenya kuhusu leseni.

Kwa upande wa mkopaji

Ikiwa wewe ndiye unayeweka rehani, usitie sahihi fomu ya kuhamisha ardhi wala mkataba wa mauzo kwa kisingizio kwamba ni utaratibu wa mkopo. Rehani na mauzo ni vitu viwili tofauti. Anayeweka rehani ana haki ya kulipa deni na kukomboa mali yake wakati wowote kabla haijauzwa. Aliyetia sahihi mauzo atapata taabu kubwa kuthibitisha kwamba hakuuza.

Njia ya katikati

Kuna njia ya kuwekeza katika mikopo ya nyumba bila kumfuata mkopaji mlangoni. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company, KMRC, ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja, bali huzipa benki na sako pesa za muda mrefu ili nazo zitoe mikopo ya nyumba. Mwaka 2022 iliuza hatifungani ya Sh1.4 bilioni, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Mwenye hatifungani hulipwa riba iliyokubaliwa. Hana paa la kuziba wala mpangaji wa kudai. Kwa upande mwingine, mapato yake hayapandi kodi za mtaani zinapopanda, na akitaka kuuza kabla ya muda kuisha anaweza kupata bei ya chini.

Kabla ya kuamua, jiulize

- Nikikosa mapato haya kwa miezi saba, nitaishi vipi?
- Je, nimefanya upekuzi wa ardhi mwenyewe, au nimeonyeshwa nakala tu?
- Mke au mume wa mwenye mali anajua, na ametia sahihi?
- Nina mkataba wa maandishi na kila mpangaji, na stakabadhi ya kila malipo?
- Nina kibali cha ujenzi, na ada za ardhi zimelipwa?

Ukishindwa kujibu swali moja kati ya haya, subiri. Tembelea afisi za ardhi na mipango za kaunti kwa masuala ya vibali na ada, afisi ya msajili wa ardhi kwa upekuzi, na wakili kabla ya kutia sahihi. Ada ya wakili huuma siku moja, lakini kesi ya ardhi inaweza kurithiwa na wanao.