Umelipa chumba, haukununua mutu: adabu ya mugeni ku hoteli



Wengi kati yetu tunalala ku hoteli mara ya kwanza siku tunapata kazi. Mbele ya pale, mutu akienda Lubumbashi ao Kolwezi analala kwa mujomba, kwa yaya, ao kwa rafiki wa iniversite. Kiisha siku moja shefu anakuambia: "Kesho unaenda Kolwezi siku tatu, sosiete italipa hoteli." Unafika, unapewa ufunguo, na hakuna mutu mwenye alikufundisha namna ya kuishi pale. Kwa mujomba unajua: utasalimia, utatandika kitanda, utasaidia kuchota mayi. Ku hoteli unajisemea: nimelipa, basi kila kitu ni changu.

Njo pale tunapotea. Feza inalipa kitanda, mayi, umeme na kazi ya batu. Batu wenyewe haibanunue.

Sisi wa Likasi tulipashwa kujua hii mambo kuliko wengine. Muji wetu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mukubwa wa Union Minière, mpaka mwaka 1966. Wakati wa Babelgiji, kulikuwa muji wa bazungu na site ya baafrika, kila mutu na upande wake. Ku hoteli ya bazungu, babu yetu hakuingia kama mugeni. Aliingia kwa kubeba valizi, kupika na kufua mashuka. Angekuwa na miaka makumi tano na bajukuu, bado aliitwa "boyi". Leo mujukuu wake eko na diploma, anakaa mu restora ya hoteli, anapiga vidole na kuita: "Boyi! Kuya hapa!" Tujiulize vizuri: tulisoma juu ya kutoka mu hali ile, ao juu ya kukaa ku kiti cha ule mwenye alitutukana?

Nitaeleza kitu kimoja nilichokiona. Nikiwa mwanafunzi, nilifanya kazi kidogo ya risepsioni mu hoteli ndogo hapa kwetu. Kijana mumoja, tai ku shingo, alikuja kwa misioni ya kazi. Aliondoka asubuhi mapema, na taulo mbili ziliondoka naye. Mama mwenye kusafisha vyumba, umri wa mama zetu, alikatwa bei ya zile taulo ku mushahara wake. Nilipomupigia simu yule kijana, alicheka: "Taulo tu? Si nililipa chumba?" Ndiyo, yeye alilipa chumba. Taulo, mama njo alilipa.

Kumukata mama mushahara haikuwa haki, na kosa hilo ni la mwenye hoteli. Lakini mwanzo wake ni mugeni. Kwa hiyo, haya ni mambo ya kushika.

Ya kwanza, ufike kama mutu. Salimia mbele ya kuuliza bei: "Jambo mama", "Jambo papa". Toa kitambulisho chako bila kukasirika na ujaze ile fishi kwa kweli. Mwenye risepsioni anafuata kazi yake. Omba uone chumba mbele ya kulipa, uliza saa ya kuondoka, uliza kama bageni baruhusiwa kupanda mu chumba. Kuuliza mbele si haya. Haya ni kugombana nyuma.

Ya pili, mayi na umeme. Hii ni kwetu, tunajuana na Regideso na SNEL. Ukifungua robine na mayi haiko, FUNGA tena mbele ya kutoka. Wengi banaiacha wazi, mayi inarudi usiku, chumba kinajaa mpaka ku koridoo, na kesho ni mama yule yule mwenye kuinama na kitambaa. Kama kuko ndoo ao pipa ya mayi mu dushi, ujue mutu aliibeba. Tumia ya kukutosha. Umeme ukikatika, uliza saa gani banawasha grupu. Usipige kelele kwa mulinzi, si yeye anakata.

Ya tatu, moto mu chumba. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Likasi unakuwa baridi kabisa. Kuko benye kuomba mbabula na kuiingiza mu chumba, kufunga mulango na madirisha, kiisha kulala. Hapana, hata siku moja! Makala inayowaka inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Haikuamushe, inakulaza moja kwa moja. Omba blanketi ya pili. Na reshu ya umeme ya kupikia uiache nyumbani: waya za vyumba vingi hazikuwekwa kwa mzigo ule, na ukiunguza nyumba, hautaungua peke yako.

Ya ine, kelele. Ukuta wa hoteli nyingi ni mwembamba. Muziki ku simu bila ekuta, kuita rafiki toka mwisho wa koridoo, kubamiza mulango saa saba ya usiku: jirani wako eko na safari kesho, pengine ni dereva wa kamio mwenye kuendesha mpaka Kasumbalesa. Na sisi benye kusali, tukumbuke: Mungu anasikia sala ya sauti ndogo. Kukemea pepo saa kumi ya usiku ku chumba namba 6 kunamusumbua mugeni wa namba 7, si shetani.

Ya tano, ukiona kosa, lisema vizuri. Adabu si kunyamaza. Shuka ni chafu? Mulango haufungike? Mwite mwenye kuhusika, sema kitu chenyewe, sema siku ile ile, bila kumuaibisha mutu mbele ya bageni. Uko na haki ya kubadilishiwa chumba. Kutukana mutu hakusafishi shuka.

Ya sita, namna ya kuondoka. Heshimia saa uliyoambiwa, maana mugeni mwingine anangojea. Kusanya takataka pamoja, rudisha ufunguo, hakikisha fakitire mbele ya kulipa, na omba karatasi ya malipo. Kama sosiete njo inalipa, usiongeze bia za barafiki ku deni ya chumba: fakitire itafika ku meza ya shefu mbele yako. Ukivunja glasi, sema mwenyewe. Na kama uko na kitu, acha matabishi kwa ule mwenye kusafisha, mu mukono wake, na neno la asante. Kama hauna, asante peke yake inatosha.

Bakubwa banasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Ku hoteli hakuna mwenye atakupa jembe, utapewa fakitire. Lakini maana ni moja: mugeni naye eko na kazi yake mu nyumba anamokaa.

Bandugu, mu hii inchi wengi wetu tutamaliza masomo na kungojea kazi miaka. Pengine kazi ya kwanza utakayopata ni ile ile ya risepsioni, ao ya kusafisha vyumba, na diploma yako iko mu valizi. Siku ile utataka bageni bakuite namna gani? Basi ukifika ku hoteli mara ingine, anza na kitu kidogo: uliza jina la ule mwenye anasafisha chumba chako, na umuite nalo.