Kengele ya moshi: Wenye nyumba tusingoje kulazimishwa

Dada yangu alipopanga nyumba Leicester, Uingereza, wakala hakumpa funguo mpaka alipobonyeza kidude cheupe kilichobandikwa darini. Kikalia nyumba nzima. Akapanda juu, akabonyeza cha pili. "Ni sheria," akamwambia.

Niliitafuta sheria hiyo. Tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha huko England analazimika kuweka angalau kengele moja ya moshi katika kila ghorofa inayokaliwa, na kuijaribu siku mpangaji anapoingia. Tangu Oktoba 2022, akiarifiwa kwamba imeharibika ni lazima aitengeneze au aibadilishe. Akikaidi agizo la baraza la mji, faini yaweza kufika pauni 5,000.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu aliyelala haamshwi na harufu ya moshi. Moshi una sumu inayomzidishia usingizi, na mara nyingi humuua kabla moto haujamfikia. Kengele humpa dakika chache za kutoka.

Sisi Pwani twazihitaji dakika hizo zaidi. Tazama nyumba zetu: vyumba vimegawanywa, ngazi ni moja, madirisha yana grili, na usiku mlango una kufuli ambayo ufunguo wake anaujua baba peke yake.

Ukinunua kengele, ibandike darini kwenye ukumbi ulio karibu na vyumba vya kulala. Usiiweke jikoni, italia kila ukikaanga samaki, mwisho uing'oe betri. Ibonyeze kila mwezi kuijaribu, na baada ya miaka 10 nunua nyengine. Na ufunguo wa grili utundikwe mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Ila tusichanganye mambo. Kengele ya moshi haitambui kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya jiko la makaa, isiyo rangi wala harufu. Hiyo ina kengele yake. Kwa hivyo usilale na jiko la makaa chumbani, hata mvua ikinyesha vipi.

Mimi pia nina vyumba viwili nilivyopangisha. Baada ya simu ya dada yangu nilijiuliza: wapangaji wangu wataamshwa na nini? Sikuwa na jibu. Sasa kila chumba kina kengele yake. Nawe mpangaji, kabla hujalipa kodi ya kwanza, muulize mwenye nyumba swali hilo hilo.